Shangazi Aliyepatikana kwa Sahani ya Maini

Juzi, katika hoteli moja karibu na stendi ya mabasi Mbeya, mama mmoja wa makamo aliletewa wali kwa maini. Akaisukuma sahani. "Nibadilishie. Kwetu maini ni mwiko."

Bibi mmoja aliyeketi mkabala naye akaacha kutafuna. "Hata sisi hatuli. Kwenu wapi?"

"Sipajui. Baba alifia machimboni Makongolosi nikiwa mdogo. Aliniachia mwiko huo na jina la mama yake tu."

"Jina gani?"

Alipolitaja, bibi alishika mdomo. "Huyo ni mama yangu! Kaka yangu aliondoka Iringa kutafuta dhahabu, hakurudi. Mimi shangazi yako!"

Wakakumbatiana, wakilia na kucheka, nasi wateja tukapiga makofi. Kisha shangazi akajifuta machozi. "Leo unakwenda wapi?"

"Mbalizi, sokoni."

"Mbalizi haihami. Tunakwenda Iringa, ukasalimie kwenu."

Nilidhani anayepata ndugu ukubwani amepata wa kumfariji. Kumbe kwanza amepata wa kumwamuru. Mama wa watu hakubisha. Alipanda basi amebebeshwa kapu la shangazi, meno yote nje.