Nilitembea kwa Madaha Nikidhani Wote Wamefumba Macho

Nichekeni tu, maana mi mwenyewe bado naona aibu kupita mbele ya shule.

Shuleni kwetu Nyakabiga alikuja mama mmoja kutufundisha kutafakari, ili mitihani isitutie wazimu. Wazazi nao walialikwa. Mama yangu alikaa mbele, ubavuni mwa direktrisi wa shule, ambaye alikuwa ametoka kumwonya: "Huyu mutoto wako akifanya ujinga tena, namufukuza."

"Wallahi, Madamu, amebadilika," mama akaapa.

Mgeni akaeleza kwamba njia ni nyingi: kuhesabu pumzi, kurudia neno moja moyoni kama dhikri, hata kutembea polepole. "Tuanze na pumzi. Fumbeni macho."

Wote wakafumba. Mi nikatia ekuta za simu masikioni, nikafungulia muziki, nikaenda ubaoni kuiga mwendo wa direktrisi: tumbo mbele, makalio nyuma, kidole juu. Nilikuwa nimewapa mgongo. Kwa kudhani hakuna anayeniona, nikazidisha makalio.

Wimbo ulipoisha nikageuka. Macho yote yalikuwa wazi.

Nikang'oa ekuta. Mgeni alikuwa anasema kwa upole: "Na hiyo ndiyo njia ya kutazama kitu kimoja kilicho mbele yako, bila kucheka wala kusema. Hongereni sana."

Direktrisi alikuwa bado ananitazama, yeye ndiye mwanafunzi hodari kuliko wote. Mama peke yake ndiye aliyefumba macho.

"Mama," nikanong'ona.

"Apana," akajibu bila kuyafumbua. "We sikujui."