Viganja Viwili vya Petroli

Umeme ulikatika Jumatatu tukiwa watu kumi na wawili mbele ya mashine ya fotokopi, kila mmoja na dosie yake ya kuomba kazi mgodini. Mwisho wa kuzipokea ulikuwa saa sita mchana. Mwenye duka akatoa jenereta na bidoni ya petroli aliyoificha tangu kiangazi, petroli ilipoadimika mjini. Alivuta kamba mpaka shati likalowa jasho. Akabadilisha buji, plagi ya kuwasha injini, mara mbili. Kimya.

Mama mmoja kwenye foleni, anayekodisha pampu za maji kwa wachimbaji wa Kasulo, akamuuliza mwenye duka kuhusu petroli ile, "Tata, hii esansi ni ya wakati gani? Ilishazeeka."

"Esansi haizeekaka, mama. Haiko mutu."

Mama akainamia bidoni. Alijimwagia tone kutoka bidoni kwenye kiganja cha kushoto. La kulia aliliomba kwa dereva wa pikipiki aliyetoka kujaza tangi. Akapuliza, akatuonyesha. Cha kulia kilikauka papo hapo. Cha kushoto kiling'aa kama cha mtu aliyekula mandazi.

Mama na mwenye duka wakamwaga petroli yote ya tangi la jenereta, wakafungua skrubu chini ya kabureta ikatema petroli ya rangi ya chai, wakatia mpya ya yule wa pikipiki. Mvuto wa pili jenereta ikanguruma, foleni nzima ikapiga makofi. Dosie zote ziliingia kabla ya saa sita.

"Mi nilijua haiko buji," mwenye duka akasema.

Nilicheka njia nzima. Kisha nikakumbuka bidoni yangu nyuma ya jikoni, ambayo mke wangu haruhusiwi kuigusa. Nilipofika nilitia tone kiganjani, nikamwomba apulize.

Alipuliza mpaka akachoka.