Neno Nililolipiga Marufuku

Dereva wa lori la kreni alitushushia mzigo kando ya njia, akaupima mchanga wa Ngomeni kwa kisigino, akapanda tena kitini. "Mimi sizami humo," akasema, akageuza kurudi Malindi. Tukabaki na kichwa cha chuma kizito kama ng'ombe, na nguzo inayokingoja.

Kichwa hicho ndicho kinachozungusha paneli za sola zifuate jua tangu asubuhi hadi jioni. Nguzo tulikwisha kuisimika kwa zege karibu na chumba cha barafu cha kina mama wauza samaki. Mwenyekiti wao ni mamake mke wangu.

"Paneli za wenzetu zinalala juu ya bati tu," aliniuliza siku ya kwanza. "Hizi za kuzungukazunguka ni za nini?" Nilimwambia zitatengeneza barafu mpaka jua lizame, samaki wa jioni wasioze. Akaniamini, akawashawishi wenzake. Kichwa kikianguka, meno ya gia zake yatavunjika, na kingine hakuna. Itanibidi nihame pwani kwa aibu.

Kunyanyua vitu vizito nilijifunza Mariakani, kwenye gereji za malori. Kwa hiyo tulikibiringisha kile kichwa juu ya magogo ya mnazi hadi chini ya nguzo. Tukafunga bomba nene ubavuni mwa nguzo, likiipita kimo, tukaweka kapi juu yake, tukapitisha kamba. Wavuvi na kina mama wangevuta. Mwisho wa kamba tuliuzungusha mara kadhaa kwenye shina la mnazi, ili hata mtu mmoja akiukaza, mzigo usishuke. Hiyo ilikuwa kazi nyepesi, tukampa mkwe wangu kwa heshima yake.

"Maneno ni matatu," nikatangaza. "Vuta, shikilia, legeza. Neno 'wacha' ni marufuku!" Maana kwetu 'wacha' ni komesha unachofanya, na 'wacha' hiyo hiyo ni achilia. Ukilisema kwenye kamba, kila mtu atasikia lake.

"Mbu akiniuma nimwambieje?" akauliza mvuvi mmoja mwenye domo.

"Mwambie legeza."

Tukaanza kwa kicheko. Lakini mimi nilikuwa na tabu yangu. Kwetu mkwe hapandishiwi sauti wala hapewi mkono. Miaka yote namwamkia shikamoo kwa mbali, ananijibu marahaba, naenda zangu. Sasa nitamwamrisha vipi? Nikawa nawafokea wengine "Vutaaa!", kisha namgeukia yeye kwa upole: "Na wewe Mama, ukiona vyema, shikilia."

"Fundi," akasema yule mvuvi, jasho likimtiririka, "hiyo 'ukiona vyema' itatuua."

Kichwa kilipanda polepole hadi kikakaribia ncha ya nguzo. Hapo nikatupa jicho kwenye mnazi. Kandambili ya mkwe wangu ilikuwa imeteleza, leso imemwanguka kichwani, na kamba inavuta vidole vyake kuelekea shinani. Nikasahau mtambo, nikasahau adabu, nikasahau amri yangu mwenyewe.

"Mama, wacha!"

Wavutaji wote wakaachilia, utii ulioje! Kamba ikalia kwenye mnazi, kichwa kikashuka shubiri moja, kikasimama kikibembea. Nikafumbua macho niliyokuwa nimeyafumba kwa hofu. Mwisho wa kamba, peke yake, miguu imezama mchangani, alikuwa mkwe wangu. Hakuutazama mtambo. Alinitazama mimi.

"Umeniambia nini?"

"Shikilia, Mama," nikasema kwa sauti ya panya.

"Mimi nimeshikilia! Waambie na hao!"

Wakairukia kamba, wakakivuta kichwa hadi juu ya nguzo. Nilipanda ngazi, nikaketisha kichwa mahali pake, nikakaza bolti zote. Kina mama walipopiga vigelegele, nilishuka moja kwa moja kwenda kuomba radhi.

"Nisamehe, Mama. Niliogopa vidole vyako vitakwenda na kamba."

"Miaka yote wewe kwangu ni shikamoo na mgongo," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza unanipigia kelele, na unaniambia wacha! Nikasema, mkwe gani huyu? Kwa hasira yangu, siwachi ng'o!" Akacheka hadi akakaa chini. Nami nikacheka, kwa furaha na kwa hofu iliyokuwa inanitoka.

Siku barafu ya kwanza ilipotoka, aliniita. Nikasimama mbali kama kawaida, nikamwamkia. Hakujibu marahaba. Alinijia mbele ya watu wote, akaniwekea viganjani bonge zima la barafu.

"Mama, inauma!"

"Shikilia," akasema, akaweka mikono yake chini ya yangu.