Anatafuta kimya ndani ya helmeti

Saa nne asubuhi. Ndani ya duka la vifaa vya simu, mwanamke mwenye koti zito na buti za mpira amesimama mbele ya kaunta, helmeti ikiwa kichwani. Anageuza shingo kushoto, anageuza kulia, kisha anaivua. Kitu cheusi kinadondoka sakafuni.

"Hizi hazifai," anamwambia muuzaji huku akiinama kuokota hedifoni ndogo ya sikioni. "Nikivua helmeti, inatoka nazo."

Muuzaji anaifuta kwa kitambaa na kufungua boksi jingine. Wateja wake wengi huuliza kama muziki utadunda. Huyu hataki muziki. Anachouliza ni kama hedifoni zitazama sikioni bila kugusa sponji ya helmeti, na kama zitazuia upepo lakini zimwachie honi ya lori.

Kazi yake ni kusambaza vifurushi kwa pikipiki. Ameomba jina lake lisitajwe, wala la kampuni, kwa kuwa ofisini hawajui kwamba masikio yake yameharibika. Wenzake nao hawajui, ingawa bila kukusudia wamempa jina linalosema yote. Wanamwita Rudia, kwa sababu ndilo neno linalomtoka zaidi mdomoni.

"Wananitania, nami nacheka nao," anasema. "Siku wakijua si utani, nimekwisha."

Alikuwa mshonaji kiwandani. Kiwanda kilipofungwa, akachukua pikipiki iliyoachwa na marehemu baba yake na kuingia barabarani. Kazi aliipenda. Tatizo lilikuwa simu. Mpanga safari wa ofisini humpigia dereva akiwa njiani, anuani imebadilika au mteja amehama geti, na asiyepokea mara moja safari yake inayofuata hupewa mwingine.

Akanunua hedifoni za bei ya chini kabisa, zile zinazokaa juu juu ya tundu la sikio. Upepo ukipita ndani ya helmeti hasikii kitu, basi akawa anaongeza sauti mpaka mwisho. Hivyo asubuhi mpaka jioni, miaka inakwenda.

Daktari wa masikio aliyemwona baadaye alimweleza kwamba upepo ule peke yake ulitosha kumuumiza, na kwamba sauti aliyoiweka juu yake ndiyo iliyommaliza. Kinachotangulia kupotea, alimwambia, ni sauti nyembamba na hafifu. Kunong'ona, kwa mfano. Na kilichopotea hakirudi.

Lakini alipokwenda kwa daktari huyo, mama yake alikuwa ameshazikwa.

Anasimulia habari hiyo akiwa amekaa kwenye ngazi za duka, helmeti magotini. Ulikuwa mchana, wodini. Ndugu zake walikuwa wametoka kula, akabaki yeye. Feni ilikuwa inazunguka kwa kelele. Mama yake akamshika mkono wa koti, akamvuta, midomo ikaanza kwenda.

"Nikainama mpaka pumzi yake ikawa inanigusa shavu. Sisikii. Nikamwomba arudie. Akarudia, na nikaona jinsi anavyojikaza. Nikaona haya kumwomba tena. Nikasema, sawa mama, nimesikia. Akaniachia mkono."

Kabla ya jioni mama yake akafariki.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, kwa nia njema tu, aliwaambia ndugu kwamba marehemu alizungumza na binti yake, na binti akakubali. Kaka yake mkubwa akamwita pembeni msibani kumuuliza mama kaacha neno gani. Akajibu kwamba hakusikia.

Kaka hakuamini. Kuna nyumba ya mama, na kuna mdogo wao wa mwisho ambaye bado yuko shuleni. Kaka anaamini dada yake ameuficha wosia kwa faida yake.

"Aliniambia, ulimwitikia. Mtu haitikii asichokisikia. Na kweli niliitikia." Anaigeuza helmeti magotini. "Mpaka leo sijui nilimwahidi nini mama yangu."

Tangu hapo kaka yake hapokei simu zake. Alipojaribu kueleza habari ya masikio, aliambiwa hicho ni kisingizio alichokitunga baada ya matanga.

Ofisini aliwahi kuuliza, kwa kuzungukazunguka ili asijifichue, kama kampuni ingeweza kuwanunulia madereva hedifoni nzuri. Aliambiwa hivyo ni vitu vya starehe, kila mtu ajinunulie vyake.

Ndiyo maana yuko hapa. Amezikataa zile zenye kitako kinachochomoza, maana helmeti huzisukuma mpaka sikio likauma. Sasa amerudi kaunta na anajaribu nyingine, fupi, zenye ncha ya sponji laini. Anaiminya sponji kwa vidole, anaiingiza, anasubiri ijae ndani ya tundu. Anavaa helmeti taratibu. Zinabaki mahali pake. Anaacha kitambulisho kaunta, anawasha pikipiki na kuzunguka mtaa.

Anaporudi, muuzaji anamuuliza zikoje. Anavua helmeti, nazo hazidondoki, lakini uso wake umekunjamana.

"Upepo umekatika. Honi naisikia. Mpanga safari nimemsikia sauti ikiwa chini kabisa," anasema. "Ila sasa nausikia mlio. Uko humu ndani, kama nzi kwenye chupa. Kumbe upepo ndio ulikuwa unauficha."

Muuzaji anadhani hedifoni ni mbovu, anataka kumbadilishia. Mwanamke anamzuia, anazilipia.

"Si hizi," anamwambia. "Ni mimi."

Hajanunua hedifoni akitumaini kupona. Anataka kukilinda kidogo kilichobaki, kwa sababu ana binti anayesoma darasa la kwanza. Juzi mwalimu alimwita kulalamika kwamba mtoto anapayuka darasani. Hakumwambia mwalimu kwamba nyumbani kwao ndivyo mtu anavyosikika.

Mwezi ujao anarudi hospitali kupimwa. Kipimo hufanyika katika chumba kidogo kisichopitisha kelele: mtaalamu hubonyeza kitufe cha kutoa sauti, taa huwaka kwenye mashine yake, na mgonjwa huinua mkono kila anaposikia sauti. Amemtuma wifi yake amwombe kaka aje akae kando ya mtaalamu. Kaka bado hajajibu.

"Asipokuja nitaenda peke yangu," anasema. "Lakini nimemwambia wifi, sitaki aniombe radhi, wala tusizungumzie nyumba. Akae tu pale, aangalie ile taa inawaka, na mkono wangu uko chini."