Walivyomshusha Fundi Aminieli

"Mlianza na cherehani," Aminieli alisema. "Mkaishusha wawili, taratibu kama mgonjwa. Mimi nimekaa pale pale nawaangalia."

Thomasi akamwambia, "Una mdomo. Si ungeita?"

"Niliita."

Jana yake pasi ilidondosha kaa la moto kwenye mabaki ya vitambaa, huko ghorofani wanakoshonea, moshi ukajaa. Thomasi na mwenzake Saruni wakakimbilia cherehani ya tajiri. Aminieli miguu yake ilipooza tangu mtoto. Ngazi ile alikuwa anaipanda na kuishuka kwa makalio miaka tisa, magongo kayafunga mgongoni. Siku hiyo akakuta imejaa majora ya kaki, ya kushonea sare za matarishi wa boma. Akakwama katikati, anakohoa, mpaka moto ukazimwa kwa ndoo.

Sasa tajiri, Bwana Harbans, alikuwa ameamua: Aminieli ahamie chini, chumba cha nyuma, ashone vifungo. Alisema kwa huruma kabisa. Chumba chenyewe hakina dirisha. Suti haishonwi gizani, na fundi wa suti alikuwa Aminieli. Walimu, makarani, hata wachungaji wa makanisa ya huko mlimani walimfuata yeye. Vifungo hata mtoto anashona.

Akakataa. Akasema watoe majora, halafu tajiri ashike saa.

Wakayatoa, wananung'unika. Aminieli akapanda, akakaa juu, akateremka ngazi moja moja. Saruni, mzima wa miguu, akaja nyuma yake akataka kumpita. Akaambiwa asubiri zamu yake. Bwana Harbans akatazama saa: hata dakika haikuisha.

"Na kama moshi umenilegeza, mnibebe," Aminieli akasema. Akawaonyesha: mmoja kwapani, mwingine magotini. Kwenye kona wakamgonga kichwa ukutani.

"Cherehani hamkuigonga," akasema.

Wakarudia. Mara ya tatu wakafika chini salama, Thomasi jasho linamtoka, anasema fundi mzito kuliko gunia la kahawa.

Bwana Harbans akakuna ndevu, akauliza majora yake yatakaa wapi basi. Aminieli akasema chumba cha nyuma, kitambaa hakihitaji dirisha. Tajiri akawaambia wayapeleke huko, na fundi abaki juu.

Aminieli hakushukuru. Akasema bitana ya ndani ya makoti imekwisha na kuna koti la bwana harusi la Jumamosi. Akachukua magongo, akaenda kuinunua dukani kwa Khatun, muuza vitambaa, kabla hawajafunga kwa swala ya Ijumaa.