Mgongo Wangu Siku ya Mahafali

Naomba mcheke sasa hivi tumalize, maana mkingoja nifike katikati ndipo mcheke mtanipotezea njia, na kisa hiki nimekwisha kukisimulia vibaya mara nyingi kwa sababu ya watu wanaocheka kabla ya wakati (mke wangu Halima ndiye kinara wao). Ndiyo, mimi ndiye yule mzee wa video. Yule wa joho.

Mnajua kwamba nilirudi chuoni nikiwa na mvi kusomea uzamili wa falsafa, na nilichokikuta si kile chuo nilichokiacha ujanani, kwani siku hizi wanafunzi tunaitwa wateja, ukumbi mkubwa umepewa jina la kampuni ya rangi za nyumba, na kila somo linapimwa kwa wingi wa wanunuzi. Falsafa ilikuwa na wanunuzi watatu, mmoja wao mimi. Basi tukaambiwa kwamba tukishahitimu idara inafungwa, na mwalimu wetu, Dokta Nansubuga, aliyenivumilia kuliko ndugu zangu wanavyonivumilia, akaanza kupanga vitabu vyake kwenye maboksi ya sabuni.

Hapo ndipo nilipochaguliwa kusema kwa niaba ya wahitimu (nadhani kwa ajili ya umri, maana alama zangu nazijua). Nikajiambia kwamba siku hiyo nitaitetea idara mbele ya wazazi na kamera mpaka Makamu Mkuu wa chuo akose pa kujificha.

Sasa, kosa lilikuwa dogo tu. Chuo kinakodisha majoho yake na ukichelewa kurudisha joho unatozwa, nami nikaona siwezi kuilaani biashara huku nimevaa bidhaa yao. Nikateremka soko la Owino, upande wa Nakivubo, kwa Mama Neema, fundi Mkongo anayeshona sare za kwaya, tukavutana juu ya bei mpaka majirani wakaacha kazi zao kutusikiliza.

"Papa, hiyo bei yako inaniua," akasema. "Nikipunguza, weye utanisaidia nini?"

"Nitakutangaza, mama."

"Mbele ya watu wengi?"

"Mbele ya chuo kizima."

Akanitazama kwa makini, akapunguza. Niliondoka nikijisifu kwamba nimetoa maneno matupu nikapata joho zima, na kumbe watu wanasema falsafa haina faida.

Joho nililichukua asubuhi ya mahafali, limekunjwa ndani ya plastiki, na kile kitambaa cha rangi cha shahada kinachoning'inia mgongoni Mama Neema alikuwa amekwisha kukibana kwa pini. Halima akanivalisha, akanizungusha, akasema nimependeza. Tukaenda.

Wakubwa walikaa jukwaani, wazazi walijaa kwenye mahema mkabala nao, na maikrofoni ilikuwa katikati, kwenye nyasi, ikiwaelekea wazazi. Mimi nimelelewa Old Kampala na bibi wa Kinubi ambaye ukimpa mkubwa mgongo alikukumbusha kwa kiatu, kwa hiyo nikaigeuza ile maikrofoni, nikawaelekea wakubwa. Aliyenitangulia kusema alikuwa binti mfupi wa uhasibu, kijiti cha maikrofoni kikawa kimekwama chini, nikalazimika kuinama. Nilipoinama, pini zikaachia, kitambaa kikateleza mpaka kisogoni. Nilidhani ni upepo.

Mimi sikujua lolote, ila nyinyi ni vizuri mjue, kwamba chini ya kile kitambaa Mama Neema alikuwa amedarizi kwa uzi wa manjano, herufi kubwa, kutoka bega hadi bega: MAMA NEEMA, OWINO. MAJOHO, KWAYA, MAPAZIA. BEI NAFUU. MUULIZE HUYU ALIYEVAA.

Nikaanza. "Elimu si bidhaa," nikasema, na mahema yote yakalipuka. Nikashangaa, maana nyumbani nilipoifanyia mazoezi sentensi hiyo Halima alikuwa anasinzia. Nikaendelea, "Mwanafunzi si mteja," wakapiga makofi, wakapiga miluzi, mama mmoja akapiga vigelegele. Jamani, kichwa kilivimba. Nikaiweka hotuba mfukoni, nikainua mikono yote miwili kama mhubiri (joho likatanuka, sasa hata walioko nyuma kabisa wakasoma), nikanguruma, "Tuambieni leo, hapa ni chuo au ni soko?"

Sauti ya mwanamume ikatoka hemani, "Mzee, mapazia ni bei gani?"

Nikaichukulia kama tamathali ya semi. Nikajibu kwa uchungu, "Ndugu yangu, hilo ndilo swali," na watu wakaanguka kutoka vitini.

Wale wa jukwaani waliniona mbele tu. Waliona mzee ana machozi machoni na umma umesimama nyuma yake umeinua simu, na Makamu Mkuu, mtu wa hesabu za haraka, akaingiwa na hofu. Akasimama, akachukua maikrofoni yake, akatangaza kwamba chuo kimesikia kilio cha wananchi na Idara ya Falsafa haifungwi. Dokta Nansubuga akafunika uso kwa programu ya sherehe.

Kisha Makamu Mkuu akashuka kunikumbatia. Nikahisi kiganja chake kinanipapasa mgongoni, kikasimama, kikarudi nyuma kidogo, kikafuata zile herufi polepole. Akachungulia juu ya bega langu, akasoma. Halafu akanong'ona sikioni, "Ssebo, bwana wangu, umeniuzia."

"Nimekuuzia nini, mheshimiwa?"

Akanigeuza taratibu kuelekea wazazi, naye akabaki mgongoni kwangu, na ndipo nilipomwona Halima mstari wa mbele amejifunika leso mdomoni, mabega yanaruka, na kando yake Mama Neema, amevaa kitenge kipya, ananipungia mkono kwa fahari ya mtu aliyeona ahadi ikitimizwa.

Alichokisema Makamu Mkuu mbele ya kamera hakuweza kukimeza. Video ikazunguka, watu wakaja kucheka mgongo wakabaki wakasikiliza mdomo, na muhula uliofuata falsafa ilipata wanafunzi hata viti vikaazimwa kutoka uhasibu. Chuo nacho kikalipiza, kikaibadilisha jina: sasa ni Idara ya Falsafa na Ujasiriamali. Dokta Nansubuga amerudisha vitabu kwenye rafu, anasema jina atalivumilia kama alivyonivumilia mimi.

Nilikwenda Owino kulalamika. Nikakuta foleni.

"Papa, ngoja kidogo," Mama Neema akaniambia bila kuinua macho, "hawa wote ni watu yako."

Wakanipisha, wakanipa kiti, mmoja akaomba tupige picha, ila nigeuke.

Nimejiapiza. Siku nikitaka tena kuilaani biashara hadharani, kwanza nitalipa bei kamili.