Vyombo Vitatu, Goti Moja

Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi ana miguu minne mizima. Mama huyu alipewa njia tatu, naye alikuwa na goti moja tu la kutegemea.

Kazi yake ilikuwa uhimilishaji, yaani kuwatia ng'ombe mimba bila dume kuonekana hata mkia. Miaka ishirini na miwili alibeba mbegu za madume wa heshima ndani ya mtungi wenye baridi ya kugandisha hata mawazo, mpaka wafugaji wakamwita Daktari Mtungi. Mtungi wenyewe una sheria moja: haulazwi. Mwezi uliopita pikipiki yake kuukuu iliteleza kwenye tope la kilimani. Mtungi ukalala, yeye akaulalia. Mbegu za msimu mzima zikaharibika, na goti la kushoto likaanza mgomo ambao halijausitisha hadi leo.

Chama cha wafugaji kilimwonea huruma kwa mtindo wa vyama: kikampa fomu. Achague chombo kimoja cha usafiri kati ya vitatu, fomu irudi Ijumaa kabla ya saa tisa. Akishindwa kuchagua, au akichagua kisichomfikisha kwa ng'ombe, atakaa dirishani kupokea maziwa mpaka astaafu. Yeye na dirisha, wapi na wapi!

Ijumaa asubuhi meza ya chakula ilijaa karatasi za picha. Mumewe, fundi saa, alizikagua na kioo chake jichoni kana kwamba anatafuta betri.

"Chukua pikipiki ya porini," akasema. "Nyembamba, inapenya popote."

"Nyembamba ndiyo iliyonilaza matopeni."

"Basi hii pikipiki ya magurudumu manne. Hiyo haianguki kirahisi."

"Naikaliaje, kama farasi? Baba watoto, goti hili hata kitandani linapanda kwa maombi."

Mdogo wa mumewe akaingilia. Huyu wanamwita Injinia, kwa sababu hajawahi kutengeneza kitu kikapona.

"Shemeji, nisikilize. Siri yote iko kwenye difu."

"Difu ndiyo nini?"

"Ile inayogawa."

"Inagawa nini?"

"Inategemea."

Chombo cha tatu kilikuwa kigari cha viti viwili, chenye usukani, paa na sehemu ya mizigo nyuma. Unakikalia kama binadamu. Ila ni kipana, na njia za wafugaji wa juu zimebanwa na kuta za mawe. Kila akichagua kimoja, vile viwili vinamtazama kama watoto walionyimwa.

Akaenda uwanjani kwa muuzaji na mtungi wake, uliojazwa mbegu upya juzi, ajaribishe utakavyokaa. Uwanja ulikuwa wa saruji laini, na vyombo vyote vitatu vilikwenda vizuri. Kwenye saruji hata kabati lina mwendo.

"Mama, hii ni ya vijana," muuzaji akasema, tai ikimpepea. "Hii ya wanamichezo. Na hiki kigari ni cha familia."

"Na cha ng'ombe ni kipi?"

Muuzaji akakohoa. Simu ya mama ikaita. Alikuwa mfugaji mmoja wa juu, mzee mwenye ng'ombe mmoja tu na maneno ya ng'ombe kumi.

"Daktari, ng'ombe ana joto, anataka dume tangu jana jioni. Leo ikipita, tunangoja wiki tatu!"

"Nakuja, mzee." Akamgeukia muuzaji. "Majaribio mnaruhusu?"

"Hapa uwanjani tu."

"Ng'ombe hayupo uwanjani. Panda."

Wakafunga mtungi nyuma ya kigari, wakaondoka. Kwenye tope lilelile lililomwangusha, kigari kiliguna, kikachimba, kikapanda, na mtungi umesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa na mkuu wa shule. Mama akaanza kutabasamu. Ndipo wakafika kwenye kuta za mawe, na tabasamu likaishia hapo. Njia ilikuwa nyembamba kuliko kigari kwa kiasi cha mkono mzima.

Akashuka, akapima kwa mikono, akapima tena kana kwamba kuta zingeona haya. Ile ya magurudumu manne ingepita, lakini asingeweza kuipanda. Pikipiki ingepita, lakini pengine isingefika hapa. Hiki kimefika na hakipiti. Sasa hapo mtu anachagua nini? Saa ilikuwa saba na nusu.

Akampigia mzee. "Nimekwama kwenye kuta. Nakuja kwa miguu, nipe nusu saa."

"Na mtungi huo? Na goti hilo? Kaa hapohapo!"

Simu ikakatwa. Basi, amenifuta, mama akawaza, na dirisha la maziwa likamjia machoni likiwa na nondo zake zote.

Dakika kumi baadaye, kwenye kona ya ukuta, alitokea ng'ombe. Alikuwa anatembea mwenyewe, anatafuna bila haraka, na mzee nyuma yake ameshika kamba.

Wakamfunga ng'ombe kwenye mti. Mama akavaa glovu ndefu mpaka begani.

"Shika mkia," akamwambia muuzaji.

"Mimi?"

"Si ulisema kigari cha familia? Karibu ukoo."

Kazi ikaisha salama, ya ng'ombe. Usalama wa tai ya muuzaji siwezi kuutolea ushahidi.

"Mzee," mama akasema akivua glovu, "miaka yote hii napanda mpaka kwako na mtungi mgongoni. Mbona hujawahi kumshusha?"

"Ulikuwa unafika, daktari."

"Na wenzako huko juu, watashusha?"

"Anayetaka ndama atashusha. Kwani ng'ombe wao wana magoti mabovu?"

Mama hakujua acheke au amzabe kofi. Aliweka fomu juu ya boneti, akatia alama kwenye kigari, akaipiga picha, akaituma chamani saa nane na dakika arobaini.

"Tugeuze, mama?" muuzaji akauliza.

"Ngoja kwanza."

Alikaa kitini, mikono kwenye usukani, akijaribu kukumbuka ni nani aliyemwambia, siku ya kwanza kabisa kazini, kwamba ng'ombe hawashuki.